Mzee Joram Masinde, Watu Thelathini wa Idara Yetu

Tarehe 31 Julai 1998, Mzee Joram Masinde, tarishi wa Idara ya Saikolojia, anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka ishirini na miezi minne. Katika muda huo amefikisha barua, amechemsha chai, amefungua milango ambayo funguo zake zilipotea enzi za mkuu wa chuo wa kwanza, na kwa miaka mitano hivi alikuwa wakazi wote wa Kisumu. Hilo la mwisho halimo kwenye faili lake, ndiyo maana nimeomba niandike mimi.

Wanafunzi huja kusoma saikolojia wakitaka kuelewa ndoto na mapenzi. Wiki ya kwanza wanapewa takwimu. Siku hizo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alitakiwa kuhoji watu thelathini huko Kondele, Kibuye na Migosi na kurudi na hojaji thelathini. Maswali yalikuwa mepesi: unalala kwa saa ngapi, unaogopa nini zaidi, na unapokuwa na huzuni unamwendea nani? Watu ndio walikuwa wagumu. Kibuye, sokoni, waliuliza kama tunanunua au hatununui. Migosi walidhani tumetumwa na wenye nyumba, wakafunga milango. Mwaka 1983 mwanafunzi mmoja alirudi na karatasi thelathini tupu, akaketi kwenye benchi la Mzee Masinde na kulia. Mzee alimhurumia. Akajibu hojaji moja huku akipanga barua, msichana akiandika, kisha akajibu ya pili, na kabla ya chai ya saa nne zilikuwa zimekwisha zote.

Habari ilienea, na baada ya hapo hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyevuka lango la chuo kwa ajili ya takwimu. Ikumbukwe kwamba Mzee Masinde ni mtu mkweli kupita kiasi. Kila alipoulizwa alijibu vilevile: analala kwa saa tano na dakika kumi, anaogopa bata mzinga wa jirani, na akiwa na huzuni anamwendea Beldina. Sisi tulibadilisha jinsia tu, hojaji moja mwanamume, moja mwanamke, ili mji usikose akina mama.

Mimi nilikuwa nimeshaanguka mtihani wa takwimu mara mbili. Nikianguka mara ya tatu ningerudishwa nyumbani, na baba yangu, Mzee Yahya, alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba bintiye atakuwa daktari wa akili. Kwa hiyo mwaka 1988 hojaji zangu zilijazwa kwa uangalifu mkubwa, zote thelathini, hapo kwenye benchi.

Bahati mbaya mwaka huohuo alikuja Daktari Mwihaki kutoka Murang'a, mhadhiri wa kwanza kuzifanyia hojaji zetu hesabu badala ya kuzipima kwa unene. Alitafuta mkengeuko sanifu, yaani ile namba inayoonyesha watu wanatofautiana kiasi gani, akapata sifuri. Akachukua kazi za darasa zima, sifuri. Akafungua kabati la miaka iliyopita, sifuri tena. Mtu mwingine angeshuku. Daktari alikuwa mgeni, akadhani huenda ndivyo watu wa ziwani walivyo, akasafiri hadi kwenye mkutano wa wataalamu na kutangaza kwamba Kisumu kuna watu zaidi ya elfu moja, wake kwa waume, wanaoogopa bata mzinga na kutulizwa na mwanamke mmoja aitwaye Beldina. Wataalamu walisimama kupiga makofi. Kisha wakauliza ni nani huyo Beldina, na kwa nini hajaalikwa.

Daktari alirudi akamtafuta siku tatu ili aje atoe mhadhara. Alimpata Kibuye nyuma ya meza ndogo. Beldina alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu: "Daktari, mimi nauza vifungo na zipu tu. Mwenye hunililia ni mmoja, na ndiye hukuletea barua."

Tuliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, Mzee na mimi, ambaye hojaji zangu ndizo zilizopigiwa hesabu kwanza. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu. Mkuu aliuliza ni nani aliyedanganya, na Mzee Masinde akamwambia kwa heshima zote: "Mliniuliza mara thelathini, nikajibu ukweli mara thelathini. Mlitaka nianze kudanganya kwa ya ngapi?" Mkuu alimwachia Daktari Mwihaki kesi hiyo. Naye akatoa hukumu: tutakwenda wote wawili kuhoji watu thelathini wa kweli, kila mmoja ajaze kwa mkono wake, na Mzee atasoma takwimu darasani pamoja nasi hadi mtihani.

Tulichukua wiki kumi na moja. Mzee hakubali kumuuliza mtu swali kabla ya kumjulia hali, kuuliza habari za nyumbani kwake na kunywa chai aliyopewa. Kuna siku tulirudi na hojaji moja na vikombe sita tumboni. Lakini watu walijibu. Hata Migosi milango ilifunguliwa.

Mzee alichora mchoro mwenyewe kwenye ubao. Wastani wa usingizi ulikuwa saa saba. Saa zake tano na dakika kumi zilikaa peke yake pembeni kabisa, naye alikuwa ameamini miaka yote kwamba kila mtu hulala hivyo. Alimuuliza Daktari kama sasa ataondolewa kwenye hesabu. Daktari alisema haondolewi, anaelezwa. Na maelezo ni kwamba kila alfajiri humbebea mkewe Beldina meza hadi Kibuye kabla ya kuja kazini. Kuhusu bata mzinga, alipatikana mwoga mmoja tu, naye ndiye mwenye bata huyo.

Kisha tukafika kwenye swali la huzuni. Watu kumi na mmoja kati ya thelathini waliandika: sina mtu. Mzee alizisoma hizo karatasi moja moja, akaweka chaki chini. Alisema yeye alidhani kila nyumba ina Beldina wake. Sijawahi kumwona akihuzunika vile, na mimi mwenyewe nililia.

Tulifaulu mtihani, yeye alama sitini na nne, mimi hamsini na mbili. Baba alichinja mbuzi. Hojaji hazikuwa na majina, lakini Mzee alikuwa amekunywa chai kwa kila mmoja wa wale kumi na mmoja, akaanza kuwapitia anapopeleka barua. Barua zikachelewa. Mwaka 1991 aliandikiwa onyo kwa kuchelewesha barua, na kwa kuwa tarishi ni yeye, alijipelekea mwenyewe, akasaini kitabu kama mletaji na kama mpokeaji. Ilichukua siku nne kumfikia. Benchi lake nalo lilijaa, safari hii si kwa hojaji. Wanafunzi, wapishi, wahadhiri, sote tumekaa pale. Nimekaa mimi mwaka baba alipofariki, na Mzee hakuniuliza swali lolote hadi chai ilipokwisha.

Mwezi Mei wanafunzi wa mwaka wa kwanza walihoji watu thelathini humu chuoni. Kwenye swali la huzuni, kumi na tisa waliandika Mzee Masinde. Daktari Mwihaki, ambaye hasahau, alizifungia hojaji hizo ofisini na kulinganisha miandiko kwa siku mbili. Ni watu tofauti kabisa. Mwandiko wa Mzee ameukuta kwenye karatasi moja tu, ile ya haki yake, na hapo ameandika Beldina.

Ahsante, Mzee, kwa barua zilizofika na zile zilizo njiani. Hiyo meza ya vifungo wanafunzi wamejipangia zamu ya kuibeba, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Nasi sote tunakutakia usingizi wa saa saba.

Habiba Yahya,
mhadhiri wa takwimu, Idara ya Saikolojia