Bi Taratibu na Mashine Iliyojizima Bila Kuaga

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, Bi Taratibu, fundi wa kompyuta wa hospitali yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Alipoingia alikuwa Dada Taratibu. Baadaye akawa Mama Taratibu, na siku hizi wauguzi wapya, ambao hawakuwa wamezaliwa alipoajiriwa, humwita Bibi. Jina lake la kwenye hati ya mshahara wanalijua wahasibu peke yao. Hili la Taratibu alibandikwa na daktari wa watoto, ambaye hubonyeza kibodi kama anayegonga mlango wa jirani kiziwi, na ambaye ameambiwa neno hilo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote hapa.

Bi Taratibu alikuta kompyuta moja tu. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, na ilikuwa mwiko kuingia chumbani mwake na viatu. Watu waliizungumzia kwa sauti ya chini, kama mgonjwa mahututi. Alikivua kile kitambaa, akakifanya cha kupangusia vumbi, akasema chombo ni cha kutumiwa, si cha kuamkiwa. Tangu hapo ameunganisha maabara na wodi, famasia na mapokezi, akitambaa darini na waya mabegani, na akishuka hudai chai kwanza, pongezi baadaye.

Ukimpigia simu kulalamika kwamba mashine imejizima yenyewe, hakuulizi ulibonyeza nini. Anasema swali hilo humfanya hata mtu mwadilifu aseme uongo. Anakuuliza neno moja tu: "Iliaga?" Wageni hudhani anatania. Sisi wa zamani tunakumbuka swali hilo lilizaliwa wapi.

Lilizaliwa katika karakana ya viungo bandia, kile chumba cha mwisho chenye vumbi la plasta na rafu ya nyayo zisizo na wenyewe. Mwaka ule karakana ilipata mashine mpya ya kuchonga miguu. Mashine haikuelewana na programu ya zamani, hivyo ilibidi programu mpya iwekwe kwenye kompyuta ya pale. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwalimu wa chekechea, aliyepoteza mguu katika ajali ya barabarani. Vipimo vyake vilikuwa tayari. Shule ilikuwa imekubali kumshikia nafasi hadi siku ya kufungua muhula, Jumatatu, na si zaidi. Mtu wa kushika nafasi yake alikwisha patikana, na mwalimu mwenyewe alituambia, akicheka ili asilie, kwamba bibie huyo ameshaonekana akipima madirisha ya darasa apate kushona mapazia.

Siku ya Alhamisi Bi Taratibu alianza kuweka programu. Ilipofika nusu, kioo kikawa cheusi, kisha kompyuta ikajiwasha ikapiga ule mlio wake wa kuamka, kama mtoto aliyevunja chungu akaja kukuamkia shikamoo. Programu mpya haikufunguka. Ya zamani nayo ilikuwa imekwisha ondolewa. Akaanza upya, na mambo yakawa yale yale. Sasa karakana haikuweza kuchonga hata kidole cha mguu.

Hapo ndipo kila mtu alipokuwa fundi. Fundi umeme aliapa kwamba ni umeme. Fundi wa viungo alisema ni joto, akaleta feni iliyopeperusha plasta hadi sote tukafanana na waokaji mikate. Mlinzi alisema mashine imeingiliwa na pepo, na kwamba anamjua mtu. Bi Taratibu alimsikiliza kila mmoja. Alibadilisha betri ya akiba, akagusa mgongo wa kompyuta kwa kiganja kama mama anayepima homa, akajaribu soketi nyingine. Vyote vilikuwa vizima.

Ijumaa asubuhi alianza kwa mara ya tatu. Mwalimu alikuwa kwenye benchi la ukumbini, magongo yamelala mapajani. Mara hii Bi Taratibu hakwenda kunywa chai programu ikijiweka, kama wote tufanyavyo. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na kioo, mikono imekunjwa, kama anayemsubiri mtu aseme kweli.

Lazima niseme kwamba kwenye pembe ya chini ya kioo kile palikuwa na picha ya mjukuu wa katibu muhtasi wa karakana. Aliibandika kwa gundi ya karatasi siku mtoto alipozaliwa, akachagua pembe ile kwa sababu, kwa maneno yake, hapana kitu pale ila saa, na saa ya kazini haina habari njema. Sote tulimzoea mtoto yule. Bi Taratibu mwenyewe alikuwa amempelekea soksi.

Programu ilipokaribia nusu, sikio la mjukuu likang'aa. Mwanga ulitoka nyuma ya picha, kwenye ukingo wake. Bi Taratibu akaibandua polepole, asimchane mtoto. Chini yake palikuwa na ujumbe: kompyuta imepokea masasisho, yaani marekebisho mapya ya mfumo wake, inaomba kujizima na kujiwasha ili iyakamilishe. Je, sasa au baadaye? Ilikuwa imeuliza kwa adabu kila mara. Isipojibiwa, ilihesabu hadi mwisho wa subira yake, ikajizima.

Alibonyeza "baadaye". Kisha hakuendelea tu, na hapo ndipo ulipo ufundi wake. Alisimamisha kazi ya kuweka programu, akaizima kompyuta kwa mkono wake, akaiacha imalize masasisho yake, akaizima tena na kuiwasha, mpaka ikawa haina la kuomba. Ndipo akaanza upya. Programu ilifika mwisho bila kukohoa. Mchana ule mashine ilichonga, jioni fundi wa viungo alisawazisha, na Jumamosi mwalimu alitembea ukumbini bila magongo, akitukanya tusimtazame, nasi tukimtazama. Jumatatu alifungua darasa lake, na mapazia yalichaguliwa na yeye.

Katibu muhtasi alisononeka. "Kumbe mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akizima mashine!" Bi Taratibu akamjibu: "Mjukuu hana kosa, mwenzangu. Sisi ndio tuliomwajiri kabla hajaota meno."

Tangu wakati huo hakuna programu inayowekwa hapa kabla kompyuta haijazimwa na kuwashwa kwanza. Yeye huita kazi hiyo kuiogesha: mtoto havishwi nguo mpya kabla hajaoga. Ukipita maabara utawasikia: "Umeiogesha?" "Nimeiogesha, Bibi!" Wala hakuna kitu kinachobandikwa kwenye kioo. Picha ya mjukuu iko ukutani, kwenye fremu.

Wengi wetu tuliomzunguka Bi Taratibu tulifika hapa kutoka kwingine, na baadhi yetu tulitoka kwetu ghafla, bila nafasi ya kufunga mizigo wala kuaga. Hivyo tumeelewa, pengine kuliko yeye alivyokusudia, kwa nini alihimiza sana kwamba kila kilicho muhimu kihifadhiwe mapema, na kwamba asiyesikika akiaga atazamwe upya: huenda aliaga, sisi ndio tuliomfunika.

Na bado hatukujifunza. Tangazo la kustaafu kwake liliwekwa ubaoni mapema mwezi uliopita. Wiki mbili nzima hakuna aliyelisoma, kwa kuwa mtu fulani alibandika juu yake zamu za kuchemsha chai. Bi Taratibu mwenyewe ndiye aliyeibandua karatasi ya chai, akaisogeza pembeni, akarudi ofisini kwake. Yule mwalimu, ambaye sasa ni mkuu wa shule, amepata habari kabla yetu. Ameomba kuwa ndiye atakayemsindikiza hadi langoni, kwa miguu.

Bi Taratibu, asante kwa kukaa na kutazama pale ambapo sisi tulikwenda kunywa chai. Tunakuombea siku ndefu zenye utulivu, wajukuu wenye kelele, na simu isiyolia saa ya chakula. Tangazo lako tumeliona. Tumebonyeza "baadaye" kila tulipopewa nafasi, na nafasi zimekwisha. Nenda salama.