Yohana Mwarandu Ruwa, Aliyeliinua Gari la Bonde la Kwa Kadzo

Jamaa, majirani wa Mwakirunge, na nyinyi mliovuka kutoka Mtopanga na Kisauni na matope yenu hadi magotini: mliopata pa kukaa kaeni, waliokosa tuvumiliane. Tunamzika Marehemu Yohana Mwarandu Ruwa, aliyefariki Jumanne tarehe 26 Novemba 1963, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Familia imetaka maisha yake yasomwe kama yalivyokuwa, bila kutiwa chumvi. Kama kuna neno litakalomchoma mtu, basi na limchome.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mwakirunge, mtoto wa pili wa Mzee Ruwa na Mama Mapenzi, akabatizwa Jumapili tarehe 3 Machi 1918. Miaka kadhaa baadaye akazaliwa kitinda mimba, Nyamvula. Mama yao akienda kulima, Mwarandu ndiye aliyemfunga Nyamvula mgongoni kwa kanga na kuzunguka naye kutwa, mvulana mzima, wenzake wakimcheka mpaka wanakaa chini. Wala hakujali. Alimwita "mzigo wangu", na jina hilo hakuliacha hata Nyamvula alipokuwa mke wa mtu.

Masomo aliyapata Ribe, katika shule ya misheni, akafika darasa la nne. Hakuwa hodari wa vitabu, tusidanganyane. Siku moja aliifungua baiskeli ya mwalimu yote ili aone ni nini kinacholia ndani ya gurudumu, akaifunga tena, na golori moja ikambakia mkononi. Alichapwa sawasawa. Golori ile aliitunza, na Mama Pascalia anasema mpaka leo imo ndani ya kikombe kabatini.

Mama Pascalia ndiye mjane wake. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Desemba 1941, na mwaka uliofuata, mwaka aliozaliwa binti yao Nyevu, marehemu akachukuliwa jeshini kwenda Burma. Huko alitengeneza malori katika matope ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, yalimzoesha ya nyumbani. Alirudi mwaka 1946, mzima wa mwili, akajenga banda lake la ufundi Mtopanga. Hapo alifanya kazi miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kusema Mwarandu kamlia hela yake. Mwanawe Ruwa, aliyepewa jina la babu, alizaliwa mwaka 1947, kisha Kafedha.

Mwaka 1956 alinunua Landrova kuukuu iliyotupwa na shamba moja la mkonge, haina milango wala turubai. Aliifufua. Huo ndio mwanzo wa mambo yote.

Kati ya hapa na barabara ya Kisauni kuna bonde la Kwa Kadzo, ambalo hakuna mtu hapa anayehitaji kuelezwa. Malori ya mkaa yamelichimba mitaro miwili mirefu, na katikati limebaki tuta. Mvua ikinyesha, gurudumu huzama mtaroni na tumbo la gari hukaa juu ya tuta. Likishakaa, limekaa. Jumatano tarehe 16 Aprili 1958, masika yamepamba moto, Nyamvula, aliyeolewa hapa hapa Mwakirunge, alishikwa na uchungu na mtoto akawa amekaa vibaya. Mkunga akasema hili si langu, mpelekeni hospitali kisiwani. Mumewe, Lewa, alikimbia kwa miguu mpaka Mtopanga kumwita shemeji yake. Landrova ilikuja vizuri, maana ilikuwa tupu. Wakati wa kurudi, na watu ndani, ilikaa juu ya tuta mchana kweupe, magurudumu yote manne yakizunguka hewani. Walichimba kwa majembe, wakachimba kwa sahani. Nyamvula akamwambia kaka yake, "Mwarandu, leo mzigo wako umekushinda." Alikata roho hapo hapo bondeni, na mtoto hakutoka.

Mwarandu hakulia siku hiyo. Alilala kifudifudi kwenye matope akatazama chini ya gari, akapima kwa mkono wake nafasi iliyokuwapo kati ya chuma na ardhi. Watu walidhani ameingiwa na wazimu. Baada ya matanga alilifunga banda la Mtopanga, akahamia hapa Mwakirunge na mke na watoto, ili gari liwe upande huu wa bonde, karibu na wagonjwa. Mama Pascalia alimwuliza, "Na tutakula nini?" Akajibu, "Tutakula, Pascalia. Lakini hatakufa mwingine pale bondeni."

Hakuwa na uwezo wa kununua kitu kipya, kwa hiyo aliokota. Magurudumu makubwa aliyapata kwenye lori la jeshi lililooza Changamwe, lakini yalikuwa yakisugua mwili wa gari. Ilibidi mwili wenyewe unyanyuliwe. Aliongeza vyuma viwili vya springi za lori kila upande, kisha akakusudia kuweka gogo kati ya springi na ekseli. Kwanza alijaribu mnazi. Ulipasuka siku ya kwanza, gari likainama upande mmoja na kuku wawili wa jirani wakaenda na maji, na jirani mwenyewe yupo hapa na bado anawadai. Ndipo akaenda kwa Mzee Yeslam Badawi, mwenye duka Kisauni, ambaye nyumba ya babu yake ilikuwa imebomoka. Alimpigia shikamoo, akaeleza shida yake. Mzee Yeslam akamtazama akasema, "Chukua miimo ya mlango, mwanangu. Mbambakofi huo umebeba mlango tangu enzi za babu, wallahi utabeba na gari lako, inshallah." Hakutaka malipo. Mhunzi akampindia boliti ndefu kwa nondo chakavu, na Lewa ndiye aliyekuwa akishika huku shemeji yake anakaza, kutwa nzima.

Lilipomalizika, Desemba 1958, lilikuwa refu kupita kiasi. Kulipanda kulihitaji kigoda. Kwenye kona liliyumba mpaka mtu ashike roho. Watoto wakaliita Korongo, yule ndege wa miguu mirefu. Lakini marehemu alilishusha bondeni Kwa Kadzo siku ya mvua, akavuka na kurudi mara tatu, na tumbo la gari halikugusa tuta. Hapo ndipo alipolia, amekaa pale pale aliposhika usukani.

Sasa lisikieni lililofuata, ingawa mnalijua. Mei 1959, kabla Korongo halijabeba mgonjwa hata mmoja, Mzee Mramba wa hapa kwetu alifariki hospitali kisiwani. Hakuna lori lililokubali kuvuka bonde. Watoto wake wakaja kwa Mwarandu: "Baba, utamwacha mzee alale ugenini, na kaburi lake limeshachimbwa kwao?" Kwetu sisi mtu huzikwa kwao, na anayekataa kumleta maiti nyumbani atasalimiana na nani tena? Mama Pascalia peke yake ndiye aliyekataa. "Ukimbeba huyu utawabeba wote," alisema, "na wazima hawatakanyaga humo." Mwarandu akasema, "Mara moja tu." Akamleta.

Haikuwa mara moja. Alikuja mwingine, na mwingine, na kila aliyekuja alikuwa ndugu wa mtu. Katika mafuriko ya mwaka 1961 Korongo lilileta maiti peke yake. Mgonjwa hata mmoja hakupanda. Marehemu alikwenda nyumba kwa nyumba akisikia mtu ana homa. Mama Mahfoudha wa kule juu, Mungu amrehemu, alimwona mlangoni akajifunika shuka kichwani: "Mwarandu, mimi bado sijafa! Liondoe hilo gari lako uani kwangu!" Wanawe walimbeba kwa machela, wakazunguka bonde lote, na hakufika. Aliyemrudisha ni Mwarandu. Siku ile alimwambia Lewa, "Lilikuwa tupu, Lewa. Lilikuwa tupu na njia inapitika."

Alijaribu alivyoweza. Alilipeleka pwani akaliosha kwa maji ya chumvi. Alimwita padre, naye akalibariki. Mwisho akaomba rangi, akalipaka jeupe lote ili lifanane na la hospitali. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mtu mmoja, hatutamtaja ingawa anatazama chini sasa hivi, alisema kwa sauti, "Ahaa, sasa kalivisha na sanda." Watu walicheka mwezi mzima. Yeye hakucheka, wala hakuwa na rangi nyingine.

Mwaka huu alikuwa na tumaini moja lililobaki. Aliwaambia vijana kwamba siku ya Uhuru, Desemba 12, atawapeleka bure kisiwani wakaone bendera ikipandishwa. Alidhani watu wakishapanda kwa furaha, woga utaisha. Vijana walimshukuru vizuri, wakasema watakwenda kwa miguu.

Alianza kuugua Oktoba, tumbo likivimba, naye akisema ni gesi tu. Ijumaa tarehe 22 Novemba hakuweza kusimama. Lewa akashika usukani, Mama Pascalia akakaa nyuma, na marehemu akalazwa kwenye ubao ule ule uliolaza maiti, maana hakukuwa na mwingine. Tangu Korongo liinuliwe, huyo ndiye mgonjwa wa kwanza kulipanda. Gari lilipopita, watu walitoka majumbani. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakaangua kilio, wakajitupa chini, wakamtaja kwa jina: Mwarandu, Mwarandu, umetuacha! Alikuwa anawasikia. Aliinua mkono kuwaonyesha kwamba yu hai, na aliyeuona akapiga yowe zaidi. Mama Pascalia aliwapigia kelele wanyamaze, na hakuna aliyemsikia. Basi marehemu alisafiri kati ya matanga yake mwenyewe, kutoka hapa hadi bondeni.

Bondeni Lewa alipunguza mwendo, gari likayumba, maji yakapita chini. Upande wa pili marehemu akauliza, "Limegusa?" Lewa akasema, "Halikugusa, shemeji." Marehemu akafumba macho. Wauguzi walifanya walivyoweza, lakini walisema amechelewa kuletwa, na baada ya siku nne alitutoka, mkewe amemshika mkono. Juzi Korongo lilimleta nyumbani, na safari hiyo hakuna aliyeshangaa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Pascalia; watoto watatu, Nyevu, Ruwa na Kafedha; shemeji yake Lewa, ambaye hakuoa tena; na gari moja jeupe ambalo mnaliona pale nje, ambalo hakuna mtoto anayecheza karibu nalo. Nyevu ni mja mzito, miezi yake imetimia, na mkunga jana amemgusa akasema mtoto amekaa vibaya. Lewa amelitia gari mafuta na kuligeuza limetazama bonde. Jana jioni Mama Pascalia alimwambia binti yake apande sasa, kabla mvua haijarudi. Nyevu alilitazama gari la baba yake, akamtazama mama yake, akasema, "Nitatembea."

Mungu amlaze Mwarandu pakavu, na mzigo wake ampe mwingine wa kuubeba. Apumzike.