Neil Tolley Aliitwa Kazini

Benchi letu liko nje ya duka la mikate hapa Dandenong, mji wa ugenini tulikohamia, mkabala na saluni yangu ya kunyoa. Jumamosi mchana wateja wakipungua, navuka barabara na chupa ya chai ya kijani yenye iliki, nawakuta wenzangu wameshaketi. Kuna Ewaz, tuliyembatiza Waziri kwa sababu hakuna jambo analokiri kutolijua. Na kuna Qurban, tunamwita Mota. Kwetu tulikotoka, mjini Mazar, alitunza mitambo ya kinu cha ngano miaka kumi na tisa. Hapa anakata mapaja ya kuku kiwandani. Cheti cha ufundi cha nchi hii alikisomea upya, akafaulu, na kila wiki anaomba kazi ya fundi. Jumamosi ninayoisimulia, barua alizotuma zilikuwa zimefika arobaini na moja.

— Hata kunikataa hawanikatai, alisema Mota. Kimya tu.

— Ni ile Q ya jina lako, Waziri akasema. Karani akiiona, anaogopa kupiga simu asije akakutamka vibaya ukamshitaki.

— Basi nitaandika kwa K.

— Ukiweka K inakuwa kurbani, watadhani unachinja. Watasema huyu abaki huko huko kwa kuku.

— Mimi nasema ni umri, nikaingilia. Kaa kitini kwangu nikupake rangi hizo mvi.

— Barua haina mvi, kinyozi.

— Barua ina harufu, Waziri akasema, uso mkavu kabisa. Siku hizi kuna mashine inayonusa. Nyumbani kwako mnakaanga vitunguu asubuhi na jioni.

— Waziri, barua natuma kwa simu.

— Na simu unaichaji wapi? Si jikoni?

Tulicheka, na Mota alicheka pia, ila yeye aliacha mapema.

Hapo ndipo Shukria, binti yake, alipokuja. Shukria ana kazi chuo kikuu, kwenye utafiti wa mambo ya ajira, na Mota hakuacha mtu mtaani bila kumwambia hivyo. Akatuamkia mmoja mmoja, ami Ewaz, ami kinyozi, lakini hakuketi.

— Baba, utafiti wetu umetoka gazetini leo. Nataka uusikie kwangu kabla ya kuusikia kwa watu.

— Sema, mwanangu. Hawa si wageni.

— Tulitunga watu. Kila kazi ikitangazwa, tunatuma barua mbili. Cheti kile kile, uzoefu ule ule. Moja ina jina la kwetu, nyingine jina la kizungu. Halafu tunangoja tuone nani ataitwa.

— Huo si uongo? Waziri akauliza.

— Ni uongo, ami. Tuna kibali.

Alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili.

— Upande wa mafundi niliandika mimi. Yule Mzungu nilimpa jina la Neil Tolley. Sikujua fundi wa mitambo anaelezaje maisha yake, baba, nikachukua yako. Kinu cha Mazar nikakihamishia mji mmoja wa huku. Ile miaka kumi na tisa nikaiacha vile vile. Hata ile pampu uliyoitengeneza kwa mpira wa baiskeli wakati wa theluji, niliiandika.

— Na pampu?

— Na pampu.

Mota akaweka kikombe chake chini.

— Aliitwa?

— Kwenye kazi ishirini, aliitwa mara kumi na tatu. Yule mwenye jina la kwetu, mara mbili.

Waziri alifungua mdomo, nikamgusa goti, akaufunga.

— Kile kinu cha unga kilicho karibu na reli, Mota akasema, niliwaandikia mwezi wa tatu. Nacho kimo?

— Nimeweka sahihi, baba. Siruhusiwi kutaja.

Lakini alisema hivyo huku akitazama viatu vyake, nasi sote tuliona. Mota hakuuliza tena habari ya kinu. Aliuliza jingine.

— Walipompigia, walimwambia nini?

— Waliacha ujumbe. Mwanamume, sauti ya upole tu. Alisema, Neil, tumesoma habari ya ile pampu, ofisi nzima imecheka, tumesema huyu ndiye. Njoo Alhamisi.

— Kwa hiyo waliipenda.

— Waliipenda sana, baba.

Kwa miaka saba niliyomfahamu Mota sikuwahi kumwona akihangaika na pa kuweka mikono. Siku hiyo aliiweka magotini, akaitia mifukoni, akaitoa.

— Ukawajibu nini?

— Utaratibu ni kuwashukuru na kusema amepata kazi kwingine.

— Amepata kazi, Mota akarudia taratibu.

Basi Shukria akaanza kulia, palepale, watu wakiingia na kutoka na mikate yao.

— Niliandika jibu jingine kwanza, baba. Niliandika kwamba mtu huyo yupo, ni baba yangu, namba yake hii hapa. Niliandika yote. Halafu nikafuta. Wangenifukuza, na utafiti wote ungeharibika. Nilifuta kwa mkono wangu.

Mota akasogea, akatupunguzia nafasi mimi na Waziri.

— Kaa.

Akaketi. Baba yake akammiminia chai katika kikombe chake mwenyewe.

— Ulifanya vyema kufuta. Ungefukuzwa, nyumba nzima tungekuwa tunakata kuku.

Hakuna aliyecheka, naye hakungoja tucheke.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo alipopita Tavita, Msamoa anayefanya kazi na Mota kiwandani, mtu mkubwa asiye na haraka. Alikuja kununua mkate. Kuona binti analia akasimama, akauliza kuna msiba gani. Waziri akamweleza kwa kifupi, na safari hii hakuongeza chumvi. Tavita alisikiliza mpaka mwisho.

— Sasa pale kwenye kinu, akasema, Neil alipokataa, kazi alipewa nani?

Shukria akapangusa uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

— Hilo hatukuuliza, alisema.

Mota akainuka, akaingia dukani. Alikaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka alikuwa na mikate miwili ya moto. Mmoja akampa binti yake, mwingine akaukata nusu, akampa Tavita nusu yake, akamuuliza kama Jumatatu wamepangwa mkanda mmoja wa kukatia kuku kule kiwandani.