Karani Sedekia, Aliyeandika Talaka za Watu Wote Isipokuwa Yake

Mimi Saulo, tarishi wa baraza, nina miaka sabini na miwili. Nimewaona Wajerumani wakija na kuondoka, nimemaliza vita viwili vya wazungu, nzige mara tatu na mabwana shauri kumi na mmoja. Vijana wa ofisi walitaka kuniandikia wasifu huu wa kumuaga karani wetu. Nimekataa. Herufi zangu zinachechemea, lakini zinafika.

Basi, tarehe 31 Desemba 1958 Karani Sedekia anaweka kalamu chini. Ametumika miaka thelathini na moja: ishirini na saba katika baraza moja la milimani kwao Tukuyu, na minne hapa kwetu Iringa, jirani na Kalenga.

Huko kwao aliandika talaka kama mtu anavyochambua maharage. Ananiambia siku ya baraza ng'ombe walijaa uwanjani kuliko watu. Mke akimchoka mume, mwanamume mwingine anayemtaka alileta ng'ombe, mume wa kwanza akarudishiwa ng'ombe wake wa mahari, matusi yakatolewa kidogo, kila mtu akaenda zake. Alipofika hapa akafungua daftari, akakuta talaka mbili kwa mwaka mzima. Alidhani kurasa nyingine zimeliwa na mchwa.

Bwana shauri, mzungu mkuu wa wilaya, naye akauliza mbona Tukuyu wanaachana na Iringa hawaachani, au Wahehe wanapendana zaidi? Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Tunapendana wapi! Pita kwangu jioni usikie! Nikamweleza mimi mwenyewe. Hapa mtu huoa binti wa mjomba au wa shangazi. Mama mkwe ni shangazi yako aliyekubeba mgongoni. Ukimwacha mke umemwacha shangazi, umemwacha bibi, na msibani hujui ukae upande gani. Ng'ombe nao utawadai kwa nani, wakati wamo zizi lile lile la babu? Bwana shauri hakuandika hata neno. Hasara ni yake.

Karani alicheka sana habari hiyo, mpaka zamu yake ilipofika.

Mwezi wa nane 1955 mkewe, Mama Damari, alikuja barazani na kitenge chake kizuri, akafungua kesi ya kuachana. Kosa la mume? Kazi ya ofisi ilikuwa imemwingia mpaka jikoni. Akiambiwa chumvi imekwisha, anajibu, "Shahidi wako nani?" Miaka ishirini na sita ya ndoa, shahidi wa chumvi, shahidi wa kuni, shahidi wa mvua! Karani aliyeandika talaka za watu zaidi ya mia nne alishindwa kuchovya kalamu. Samansi nilimpelekea mimi, kutoka meza yake mpaka meza yake, na nikamdai alama ya dole gumba ya kupokelea kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo siku nilipojua kwamba anampenda yule mama, maana hakuona hata dole lenyewe liko wapi.

Sasa, wazee wetu hawasikilizi kesi ya ndoa mpaka kila upande uwe na mzazi. Wazazi wa hawa walikuwa Tukuyu. Mama Damari akasimama na Bibi Evarista, jirani yake wa bustani, naye bibi akatangaza, "Huyu ni binti yangu tangu leo." Karani hakuwa na mtu. Jumbe, mkuu wa baraza, akaniamuru nimtafutie mzazi upesi. Nikakimbia, miguu hii hii, nikamleta wa kwanza niliyemkuta, Mzee Crispin, akichunga mbuzi. Akapandisha fimbo juu: "Huyu kijana ni mwanangu!"

Jumbe akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Crispin na Evarista ni kaka na dada, tumbo moja! Kwa hiyo mbele ya wazee wote karani alikuwa ameoa binti wa shangazi yake, ndoa ile ile tunayoitafuta sisi kwa taa.

Bibi Evarista akamgeukia. "Wewe Sedekia! Binti wa shangazi yako unamdai shahidi wa chumvi?" Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mwanangu, ukimwacha mtoto wa kaka yangu, Krismasi mimi nitakula kwa nani?" Mama Damari alicheka akishika nguzo. Karani akasimama, akasema chumvi ataileta bila shahidi. Kesi ikafutwa. Tangu siku hiyo nyumbani kwake hakukosekani gunia zima la chumvi.

Wapo wanaosema nilikosea kumleta Crispin. Tarishi mwenye akili hukosea kwa mpango.

Mwezi huu tulijua wanarudi Tukuyu. Mizigo ilifungwa, lori lilikubaliwa. Juzi Mama Damari akaifungua yote. "Hapa mimi ni binamu yake," akasema. "Tukivuka Mbeya nakuwa mke tu, na wake wa huko wanaachika. Nimemvumilia muda wote huu, sitaki kumpoteza njiani." Karani hakuuliza shahidi. Wanajenga katikati, kati ya Evarista na Crispin.

Karani, asante kwa daftari safi na kwa kuniazima miwani. Uzee wako uwe mtamu, na chumvi isikuishie.

Anayebisha amuulize Jumbe, au Mzee Crispin, au Bibi Evarista. Wakiwa shambani, amuulize Mama Damari. Yupo.