Wageni wa Mradi Wasimkute Refa Amepona

Kijiwe chetu kiko Kabasa, Bunda, pembeni ya duka la pembejeo, ambapo magari ya Mwanza na Musoma yanapita yakitutimulia vumbi kwenye vikombe. Ni ubao mrefu juu ya matofali, jiko la kahawa la Anastazia, na cherehani yangu kwenye kibaraza, kwa hiyo nasikia kila kitu hata nisichotaka kukisikia. Wenye ubao ni Lameck, tunayemwita Diwani kwa sababu amegombea kila uchaguzi na hajawahi kushinda; Mashimba, tunayemwita Mzani, aliyekuwa akipima pamba ya chama cha msingi mpaka macho yakamchoka; na Wanzagi, ambaye hana jina la utani kwa kuwa ni mtu wa kimya na hatuna ujasiri wa kumtania. Mdogo wake, Silasi, ndiye Refa. Akikaa hapa huamua ugomvi wote wa drafti, na hakuna anayembishia.

Refa hakuwa hivyo zamani. Watu wa Kabasa wanakumbuka alivyokuwa anafungwa kamba kwenye nguzo ya zizi, kamba ileile ya ng'ombe, na Wanzagi akipita njiani ameinamisha kichwa. Kilichomfungua ni mradi wa Daktari Yunis, binti wa hapo kijiji cha Nyamuswa. Yunis ni daktari wa kusoma, si wa sindano. Aliwafundisha matabibu wa zahanati kuwatibu wagonjwa wa akili kama Refa, akaweka wahudumu wa kuwatembelea majumbani, kisha yeye akawa anachunguza kama huduma hiyo inadumu au inakufa. Silasi akapata vidonge, akapata usingizi, na baadaye akapata nafasi kwenye ubao.

Jioni ile Refa hakuwepo. Habari iliyokuwa mezani, kama tungekuwa na meza, ni kwamba wageni wa wafadhili wanakuja Jumatatu. Wakiridhika, Yunis atapewa ruzuku nyingine na mradi utaendelea. Wasiporidhika, wahudumu watarudi makwao na dawa itakuwa ya kuifuata Musoma.

Diwani alianza na Yunis mwenyewe. Hakuelewa mtu amemaliza shahada zote, anaitwa daktari, halafu bado yuko mafunzoni chini ya profesa.

— Hiyo wanaitaga posidoki, alisema. Ukiona msomi anarudishwa mafunzoni, ujue kuna kitu hakikukaa sawa.

Nilimwambia hata fundi aliyehitimu anakaa kwanza kwa fundi mkubwa kabla ya kufungua duka lake, na kwamba Yunis anajifunza kuendesha utafiti wake na kuutafutia fedha. Mzani akaniambia nishone.

Yeye Mzani alikuwa na lake. Kwa maoni yake wafadhili hawatoi fedha bure, wananunua maneno. Mgonjwa anaongea, mhudumu anaandika, maneno yanapelekwa ng'ambo yanafundishiwa mashine, halafu mashine zinauzwa. Diwani akaona hilo ni dogo. Akasema wazungu wenyewe wameishiwa akili kwa baridi na upweke, ndiyo maana wanatafuta akili za Mara, ambako mtu hata akichanganyikiwa bado anawajua ng'ombe wake. Walicheka. Mimi sikucheka, maana najua Diwani akichekewa huwa anaongeza.

— Mwaka ule wa njaa, alisema, walipokuja wale wa kuandikisha chakula cha msaada, nani aliacha mtama ghalani?

— Hakuna, alijibu Mzani. Sisi wetu tulipeleka kwa shemeji, Nyamuswa.

— Na aliyekutwa na mtama?

— Hakuandikwa.

— Basi na hawa wa Jumatatu ni walewale. Wakimkuta Refa amenyoa ndevu, anacheza drafti, wataandika Bunda wamepona. Fedha zinapelekwa kwingine. Mradi unakufa kwa sababu ya wazima.

Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu ilisikika kama kweli. Kila aliyepitia njaa ile anajua ghala tupu lilivyosaidia na ghala lenye kitu lilivyoponza. Nilisema dawa siyo mtama, huwezi kuihamishia kwa shemeji halafu ukairudisha. Lakini niliisema kwa sauti ndogo, na Anastazia alikuwa anagonga vikombe.

Wanzagi alikuwa ameshika kikombe chake tangu mwanzo bila kunywa.

— Mimi nimeshaanza, alisema.

— Umeanza nini? aliuliza Mzani.

— Simpi dawa tangu Jumapili ya juzi. Diwani alinielezaga siku ile ya mnada, nikaona ana akili.

Diwani akageukia barabarani.

— Nilimwambia Silasi dawa zimeisha zahanati, Wanzagi akaendelea. Akasema sawa kaka, tutangoja. Sasa usiku halali. Anazunguka zizini anaongea. Nikasema nivumilie mpaka wageni waondoke, nitampa tena. Mradi ukifa nitarudia kamba. Mimi kamba siwezi kuirudia tena.

Iliniuma kusikia hivyo. Mtu anampenda mdogo wake mpaka anamnyima dawa, na sisi tuliomfundisha hesabu hiyo tumekaa tunapulizia kahawa. Diwani, kwa kuwa ni Diwani, alijikusanya akasema kaka amefanya jambo la kiume, wageni wataona hali halisi. Lakini alisema akiangalia chini.

Bodaboda ikasimama, Yunis akashuka na mkoba wake. Alitoka zahanati akaona ubao umejaa, akaja kusalimia kama anavyofanya siku zote.

— Shikamooni wazee wangu.

Tukaitikia. Anastazia akammiminia. Yunis alionekana amechoka, macho mekundu ya mtu anayeandika sana na kulala kidogo. Alisema maandalizi ya Jumatatu yanakwenda vizuri, na kwamba hata mshahara wake mwenyewe unaning'inia kwenye ruzuku hiyo, lakini kinachomnyima usingizi ni wagonjwa.

Diwani akamwambia asiwe na wasiwasi, kijiwe kimeshamsaidia. Yunis akauliza kimemsaidia vipi. Diwani akazunguka, akapita kwenye njaa, akapita kwenye mtama, na kadiri alivyokuwa anaeleza, sauti yake ilikuwa inapungua. Alipofika kwenye vidonge, Yunis aliweka kikombe chini.

Hakupaza sauti. Alimgeukia Wanzagi.

— Kaka Wanzagi, hawaji kuhesabu wagonjwa. Wanakuja kuona kama mtu akitibiwa hapahapa kwetu anaweza kukaa vizuri na watu wake. Silasi ndiye aliyejitolea kuzungumza nao. Nilimwambia si lazima. Akasema anataka waje hapa kwenye ubao, wamkute anacheza.

Wanzagi akaweka kikombe chake ubaoni.

— Hakuniambia.

— Alitaka ukae hapa uone mwenyewe.

Yunis akavuta pumzi, akasema kosa ni lake pia, aliwaeleza wakubwa ofisini wageni wanatafuta nini, akawaeleza na wahudumu, lakini hakukaa na ndugu wa wagonjwa akawaeleza. Kisha akatoa simu akampigia tabibu wa zahanati, akamwambia ajiandae, kuna mtu amekatishwa dawa na anahitaji kuonwa jioni hiihii. Akaweka simu mkobani.

— Twende tukamchukue, alisema. Silasi yuko wapi?

Wanzagi akamtazama Mzani. Mzani akanitazama mimi.

— Alitoka alfajiri, alisema Wanzagi. Nikajua kashinda hapa na nyie, nilivyofika sikumwona nikadhani karudi nyumbani.

— Sisi tulijua yuko nyumbani, alisema Mzani.

Anastazia akasema hajamwona leo, wala jana. Dereva wa bodaboda, ambaye hakuulizwa, akasema asubuhi aliona mtu anatembea katikati ya lami kuelekea Musoma, hana viatu, akadhani ni mlevi.

Tulikuwa tumekaa jioni nzima tukijua wazungu wanafikiri nini. Yunis alirudia swali lake, safari hii polepole.

Wanzagi akainuka. Hakuaga, hakumngoja mtu wa pikipiki. Mpaka tunavaa ndala zetu, alikuwa ameshafika barabarani, anatembea kuelekea Musoma huku anamwita mdogo wake kwa jina, na magari yanampigia honi.