Dada Luisa na Njia ya Mpakani

Shikamooni wazee wetu, poleni wafiwa wote, mimi ni Romanus Kapinga, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu.

Luisa Othmar Kapinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Kingerikiti, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, baadaye akasomea uuguzi Peramiho, na mwaka 1983 akaanza kazi katika zahanati huku Chiwanda. Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na shemeji Edmund, mvuvi, wakajaliwa watoto wawili, Emiliana na William.

Februari 2015 kipindupindu kilizuka katika kijiji cha jirani upande wa Msumbiji, hofu ikatuingia, mkutano wa kijiji ukataka njia ya mpakani ifungwe, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Dada alisimama akasema, "Mkifunga njia watapita porini, na hatutajua nani anaumwa." Alikuwa ameshampigia simu muuguzi wa upande ule, Azizi, wakaongea Kinyasa, lugha yetu sote wa ziwani, kwa kuwa Kireno dada hakukijua, wakakubaliana kupeana majina ya wagonjwa kila asubuhi na kusaidiana dawa, na njia ikaachwa wazi. Siku ya tisa shemeji Edmund naye akaugua, mvua ilikuwa imekata barabara, dripu zilikuwa zimetuishia, na dada alikaa pembeni ya kitanda mpaka Azizi alipotuma pikipiki na maboksi mawili, kati ya matano aliyobaki nayo. Shemeji alipona, yupo hapa. Watu wanne, wawili kila upande, hawakupona.

Tangu hapo wauguzi wa pande zote mbili walikutana kila mwezi, lakini dada hakutulia, aliogopa kwamba yote hayo yanasimama juu ya urafiki wa watu wawili, nao wanazeeka. Alistaafu mwaka 2021, figo zikaanza kumsumbua Agosti 2023, na wiki moja kabla ya kufariki aliniuliza, "Mvua zikianza, nani atawapigia wenzetu wa ng'ambo?" Alifariki Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, hospitalini Liuli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi matangani, wafanyakazi wenzake, na ndugu Azizi, aliyefika leo asubuhi kwa boti pamoja na Kauthar, muuguzi anayechukua nafasi ya Azizi upande ule. Binti huyo, hata chai hajanywa, aliuliza alipo Hasna, muuguzi wetu wa sasa, nami nikawaona wawili hao wamekaa kwenye mkeka wakiandikiana namba za simu, macho mekundu kwa kulia.

Sijui kama itatosha, na hofu sijaiacha, lakini wameanza. Dada Luisa, tuachie sisi sasa, pumzika kwa amani.