Makasha ya Misumari: Maisha ya Samweli Wodo Nyema

Marehemu Samweli Wodo Nyema alizaliwa mwaka 1850 katika mji wa Tabeke, Rasi ya Palmas, hapa Liberia, mtoto wa kwanza wa Mzee Nyema.

Alisoma shule ya misheni miaka miwili. Huko alibatizwa Samweli, na mama yake alizoea kusema kwamba jina hilo aliliitikia saa ya wali na mchuzi wa mawese tu. Saa ya hesabu alikuwa Wodo, na Wodo hakuonekana.

Mwaka 1868 alianza ubaharia, akasifika kwa kuvusha mashua kwenye mawimbi yetu makali. Mwaka 1873 alimwoa Bi. Rakeli, dada wa nyapara wake, Bwana Wesa, ambaye marehemu alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Septemba 1875 nahodha wa meli yao aliwaagiza wawapelekee wanajeshi wa serikali ya Monrovia makasha ufukweni.

"Misumari hiyo, shemeji," Wesa alimwambia. "Wanajenga kanisa. Piga kasia, maswali baadaye!"

Marehemu alipiga kasia huku akiimba. Mwezi uliofuata, meli ikiwa imetia nanga mbele ya Tabeke, aliuona mji wake ukishambuliwa na wanajeshi wale wale. Kla, mdogo wake, alikuwa miongoni mwa walinzi. Nahodha alishusha darubini akacheka.

"Baruti haikulowa hata kidogo, Wesa! Vijana wako hodari kweli."

Marehemu alimgeukia shemeji yake. "Ulijua?"

"Tusingevusha sisi, wangevusha wengine."

"Kla yuko kule, Wesa!"

"Najua."

Tabeke iliteketea, na Kla hakupona. Marehemu aliumia kupita kiasi, kwa sababu aliyemdanganya alikuwa mtu wa nyumbani, na kazi yenyewe aliifanya kwa mikono yake. Aliacha bahari, akalima mpunga hadi uzeeni. Kila Krismasi Wesa alileta zawadi, na kila Krismasi ziliishia mlangoni.

Januari mwaka huu, 1912, alishikwa na kifua. Wesa alikuja kumwona.

"Shemeji, tumezeeka. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Kukuamini ndiko kulikonishinda."

Alifariki tarehe 4 Machi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Bi. Rakeli, watoto wanne na wajukuu wengi. Bwana Wesa, wewe ni mjomba wetu, karibu ukae nasi. Lakini jeneza usiliguse; ndivyo alivyoagiza.

Pumzika kwa amani, Baba. Tutakubeba sisi.